Nipe Mji

Feri imeshatua ulimi Likoni,
magari ya mbele yamepanda kilima,
nami nakanyaga breki, nabonyeza kitufe:
taa ya ufunguo yamemeta nyekundu,
injini kimya kama chungu cha juzi.
Nyuma, honi.
"Mama, toa gari!"

Nilikuwa natoka Makadara, hospitali.
Shangazi, tangu kiharusi, hunitaja jina
nikimwekea paji langu kwenye paji lake tu.

Nabonyeza tena. Hata "tik" ya rilei sisikii.

Kioo kikagongwa. Bechera, fundi nyaya wa Shika Adabu,
avuka kwa miguu, begi la mita begani.
Hakufungua boneti.
"Redio si yaimba? Betri ya gari nzima.
Aliyenyamaza ni ufunguo."

Usidhani, akasema, kitufe ndicho kiwashacho.
Kitufe ni hodi tu.
Ndani mna kisanduku kisichomjua mtu kwa sura,
hakijali bima uliyobandika kiooni.
Chasema hewani: Kitendawili!
Na ufunguo, mkobani, chini ya leso na risiti za dawa,
wajibu: Tega.
Fumbo la leo si la jana;
mwizi aliyelinasa la jana
ameshika ganda la korosho.
Likiteguliwa, ndipo amri zashuka:
rilei yaunga, stata yauma meno ya flaiwili,
kihisi chahesabu mizunguko ya shafti,
petroli yanyunyizwa, plagi zapigwa cheche kwa zamu,
moja, tatu, nne, mbili.
Bila jibu, stata ina nguvu zote
na haina ruhusa.

"Na aliyeshindwa hutoa mji?"
"Gari halipokei mji, mama."
Nami moyoni nilishatoa Changamwe,
nimetoa Kisauni, Kongowea na soko lake.

Akautwaa ufunguo,
akaubusisha kwenye kitufe, uso kwa uso.
"Humu mna koili, waya mwembamba kama unywele.
Huukopesha nguvu kidogo, ya kutamka neno moja.
Lakini hauvuki hata upana wa kidole.
Lazima ugusane."

Taa, kijani.
Nikabonyeza. Gari zima likatetemeka, likakohoa, likawaka,
na honi za nyuma zikageuka matusi ya kawaida.

"Betri ya ufunguo, shilingi mia," Bechera akasema, keshaondoka.

Nikanunua mbili.
Ya pili sijui ya nini.