Chumba Namba Tisa

Bi Sikudhani amefuta kioo kwa ndani,
amepanda stuli akafuta kwa nje,
kwa gazeti, kwa siki, kwa khanga kuukuu,
kisha akaniita: "Somoe, dirisha hili limelogwa."

Halikulogwa.
Ukungu usiofutika huku wala kule
umekaa kati.

Nikavuta pazia, nikawasha kiberiti cha gesi,
nikakisogeza kiooni. "Hesabu," nikamwambia Dadi,
mwanagenzi wangu, wiki ya pili kazini.
Akahesabu mioto minne, mmoja kwa kila uso wa kioo.
"Wa tatu umefifia, kama una homa."
"Hapo ndipo maji yalipo. Sasa tafuta yalikopitia."

Tukashuka kwa vidole hadi pindo la chini.
Gundi nyeusi imekauka kama ngozi ya kisigino
upande unaopigwa na jua la alasiri.
Ufa wenyewe hauingii wembe.
Wahenga walisema ziba ufa;
hawakusema utauonaje
nyumba ikiwa bado inang'aa.

Lilikuja mwaka wa gesi, dirisha hili,
Shangani ilipoota magorofa kama uyoga
na kila mwenye kiwanja akataka vyumba vya kiyoyozi,
vioo viwili, baridi isitoroke.
Wageni waliondoka na kofia zao ngumu.
Bili ya umeme ilibaki.

Tukalilaza uani juu ya blanketi.
Kisu chembamba, polepole, pembe hadi pembe;
mshono ukalia kama plasta inayobanduliwa kidondani.
Kutoka tumboni mwa mkanda wa alumini zikamwagika chembe
ambazo kazi yake ni kunywa unyevu.
Zimekunywa hadi basi.
Zinanata kiganjani.

Baba alipima unyevu ghalani, msimu hata msimu.
Alichota konzi moja ya korosho, akaitikisa sikioni:
kavu husema, mbichi hunyamaza.
Gunia zima lilirudi kwa mkulima
kwa sababu ya ukimya ule.
Nikazitikisa chembe. Hazikusema neno.

Kisha nikakiinua kioo kwenye jua
na kwa upande wa ndani,
ambao hakuna mgeni wala mfagiaji aliyewahi kuufikia,
nikaona alama ya kidole gumba.
Mstari mweupe unaikata mshazari.

Nikatazama gumba langu.
Kovu la mafuta ya ganda, tangu enzi za kubangua korosho,
kabla sijashika almasi ya kukatia kioo.

Mwezi wa pili, mwaka ule. Mvua ya siku nne.
Fundi Chinduli alisema tusubiri jua.
Mume wa Bi Sikudhani, Mungu amrehemu,
alisema kesho mgeni anaingia.
Mimi nikafunga,
chembe zikiwa wazi tangu asubuhi, mkono bila glavu,
nikapiga gundi juu ya hewa ya masika.

"Nani alilitengeneza hili?"
Bi Sikudhani aliuliza kwa ile sauti ya kuulizia bei.
Dadi alikuwa anaangalia kidole changu.

Nikasema: mimi.
Nikasema na mvua, na chembe.
Mgeni wa kesho sikumtaja.

Akaingia jikoni. Tulisikia makabati.
Akatoka na kikaango chake cha korosho, akapuliza mkaa:
"Si umesema zilitakiwa kuwa kavu?"

Tukazikaanga chembe, tukigeuza kwa mwiko,
hadi zikaanza kusema.

Spiriti. Kitambaa kisicho na nyuzi.
Kioo cha kwanza nikampa Dadi afute.
Chenye gumba nilikifuta mwenyewe,
taratibu kuliko ilivyohitajika,
na safari hii nilivaa glavu.

Kwenye risiti nikaandika
gundi, mkanda, spiriti.
Penye ufundi
nikachora mstari.