Treni ya Mizigo, Saa Tatu na Dakika Kumi

Mimi ndiye niliyeulizwa.
Sista Letisia alikuja dirishani asubuhi,
daftari la nota kwapani kama kuku asiyetaka kuuzwa,
akasema: Mihayo, usiku wa leo, treni?
Nikamjibu: ya mizigo kutoka Kigoma
imeandikwa saa tatu na dakika kumi,
lakini maandishi ni maandishi.
Mwezi mzima haijaingia kabla ya saa saba.
Pigeni vinubi vyenu.
Nikagonga muhuri juu ya karatasi isiyohusika,
kwa kujiamini tu.

Ukumbi wa reli una madirisha ishirini na mawili
na vioo tisa.
Bi Nyanzala wa Kanyenye alikuja na kigoda chake,
maana mgongo wake haumwamini mtu.
Mbele, vinubi vitano chini ya mashuka,
kama wageni waliofika mwenyeji hajaoga.
Mbao za mninga, kazi ya fundi Kasanda wa Ipuli,
viungo vimezibwa kwa nta ya Sikonge.
Ukisogeza pua, mzinga.
Ukisogeza sikio, mzinga vilevile.

Wakakaa: Kalunde muuza vocha,
Modesta mkunga, aliyekata kucha mara mbili siku hiyo,
pacha wa karani wa mahakama,
ambao mama yao huwatofautisha kwa nyuzi wanazokosea,
na Nyamizi wa darasa la sita,
miguu haifiki sakafuni.

Muziki ni wa kale, wa Ulaya,
uliandikiwa kinanda cha kanisa,
mtu mmoja, mikono miwili, miguu miwili.
Sista ameukata
kama anayegawa kitenge kimoja kwa mabinti watano:
huyu pindo, huyu maua,
huyu kipande chenye jina la kiwanda,
na hakuna aliyebaki uchi.

Sijui majina ya mambo hayo. Najua ratiba.
Nikasikia sauti ya kwanza ikiondoka,
ya pili ikaifuata kwa umbali unaoruhusiwa,
ya tatu ikasubiri kwenye njia ya kupishana
hadi ishara ikainuka.
Nikasema moyoni: aliyeandika haya
alikuwa mtu wa reli kabla ya reli.

Halafu kile cha polepole.
Nyamizi peke yake,
akichagua nyuzi kama anayetoa mawe kwenye mchele.
Saa yangu ilisema tatu na dakika tisa.

Honi.

Siku moja katika mwaka
ndiyo iliyoamua kuheshimu karatasi.
Watu wakanigeukia, safu kwa safu;
Tabora nzima inajua kazi yangu.

Sista hakugeuka.
Alishusha kiganja, na mikono kumi
ikaacha nyuzi, ikalala magotini.
Yakaja mabehewa thelathini na moja, nilihesabu,
matupu yote,
na tupu unaijua haiachi kuvuma.
Vioo tisa vikagonga meno.
Kigoda cha Bi Nyanzala kikatembea kidogo, naye juu yake.

Ndipo, bila mkono, nyuzi zikaanza.
Zile nene kwanza,
kisha za katikati, kisha hata nywele za juu kabisa,
kama maji ndooni lori likipita.
Haukuwa wimbo. Haikuwa kelele.
Nyamizi akaitazama mikono yake
kuhakikisha si yeye.

Behewa la mwisho, taa nyekundu,
kisha kimya chenye mtetemo ndani yake.
Hakuna aliyekohoa.
Mtoto akarudi nyuma noti moja,
kama anayerudi kuokota kandambili,
akaendelea.

Asubuhi Sista alikuwa dirishani tena.
Nilikuwa nimeandaa samahani yangu, ndefu, yenye vifungu.
Hakuitaka.
Akauliza: mwezi ujao, itawahi?
Nikafungua ratiba, nikaifunga.
Sista, siwezi kuahidi.

Jaribu, akasema.