Safu Tupu

Tarehe ninayoiita yangu si yangu.
Niliikuta parokiani, katika daftari la ubatizo,
mwaka nilipotafuta karatasi za kitambulisho:
safu ya kuzaliwa tupu,
safu ya kubatizwa imejaa,
kwa mwandiko wa katekista Yeremia
aliyebana herufi kama mtu anayeogopa wino utaisha.

Nilimuuliza mama, angali hai.
Ulikuja usiku, akasema,
kahawa ilikuwa imetoa ua,
king'ora cha mgodi kilikuwa kimelia
na baba yako yuko chini ya mlima, zamu ya usiku,
anachimba shaba ya watu.
Mwezi gani?
Mwezi sikuutazama, binti yangu. Nilikuwa na kazi.

Basi siku yangu ni siku ya maji ya padre,
na leo, kwa hesabu hiyo ya kuazima, ni sitini.

Jina langu nalo ni hesabu kabla ya kuwa jina:
Kabugho, binti wa tatu.
Masika tulimzika kabla sijaota meno yote.
Biira yuko Bwera, magoti yamemgomea;
amenipigia alfajiri, akauliza tu, "Umeamka?"
na nilipojibu ndiyo
akacheka kana kwamba nimempa habari kubwa.

Kilembe imekonda tangu mgodi ufungwe.
Nyumba za kampuni bado zimepanga mstari
kama watoto waliosahauliwa gwaride.
Kofia ya baba, ile ya taa,
nilikuwa nikiwekea mayai,
hadi usiku ule Nyamwamba uliposhuka
unasukuma mawe makubwa kuliko mafahali.
Ulichukua jiko. Cherehani. Mbuzi wawili.
Ulichukua mume wangu.

Aliitwa Yona.
Msiniambie kitu, najua.
Nilihesabu siku moja, mbili, tatu,
nikiutazama ukingo kama mjinga aliyeahidiwa.
Siku ya nne niliacha kuhesabu.

Miaka miwili niliketi kanisani kinywa nimekifunga.
Wenzangu walisema *nasadiki*, mimi nikatazama visigino vyao.
Sikumsamehe Mungu. Sikuacha kwenda pia.
Nilikwenda kwa sababu Mama Ithungu
alikuwa akitandaza kitenge chake kwenye benchi
kunishikia nafasi,
na ungekuwa utovu wa adabu
kuacha kitenge cha mtu kikae peke yake.

Wahubiri husema imani ni mwamba.
Miamba nimeiona ikitembea usiku, ikibomoa nyumba.
Yangu ni kigoda, mguu mmoja mbovu;
nimejifunza tu upande wa kukikalia.
Sijui ni Jumapili ipi midomo ilifunguka.
Nilijisikia katikati ya sala, nimeshavuka neno *mbinguni*,
sauti imekwaruza kama mlango wa ghala.

Leo jioni mjukuu wangu Mbambu
amechomeka mshumaa kwenye mkate,
ule mshumaa wa siku za umeme kukatika,
nusu yake ilishaungua kwa mambo mengine.
"Bibi, una miaka mingapi kamili?"
Kamili sijui.
"Nani anajua?"
Nikanyoosha kidole juu.
Akafuata kidole, akatazama sana, akasema,
"Bibi, bati linavuja."

Kweli linavuja. Mvua imeanza huko milimani
na mimi, kama kila mtu wa bonde hili,
nimenyamaza kidogo kuusikiliza mto.
Unanong'ona tu. Bado.

Bwana, wewe uliyekuwapo usiku ule wa kahawa na king'ora,
weka tarehe hiyo, siidai.
Lakini kuhusu Yona nitakuuliza.
Nitakuja na swali langu mkononi, wazi,
usidhani nitalisahau kwa furaha ya kufika.

Nimekinga beseni.
Tone. Tone.
Mbambu amekula upande wa mkate wenye nta, hataki kuutema.
Beseni lilipofika nusu
nikakunja mikono ya gauni,
nikanawa uso.