Sukari ya Bi Drahomíra

Hodonín, Februari. Mto Morava umeganda kingoni,
na Bi Drahomíra, aliyefungasha sukari kiwandani miaka thelathini na moja,
amemwaga mezani paketi zote za kabatini.
Ananiamuru mimi, mpangaji wake, ninawe mikono.

Anajenga. Nane kwa nane, ghorofa nane.
Mia tano na kumi na mbili, asema, wala hakuhesabu.
Kisha kwa kisu cha siagi anaubandua mchemraba:
ubavu mmoja, ubavu wa pili, kifuniko,
kama amvuaye mtoto koti la baridi,
na ndani anabaki mdogo wake, saba kwa saba kwa saba,
mzima, hana hata mkwaruzo.

"Hayo maganda," asema, "yapange."

Napanga. Maganda gani yaliwahi kutimia?
Safu ya kwanza, kumi na tatu. Ya pili, kumi na tatu.
Nafika ya kumi na tatu na vipande vitatu mkononi,
na mezani
nafasi tatu.

Mraba. Hakuna kilichozidi.

Nikamweleza: kwetu huitwa mchemraba,
ondoa mche, unabaki mraba.
Alicheka hadi kona moja ikasogea,
akainyoosha kwa kidole.

Ndipo akatoa, toka kopo la kisibiti,
kikaratasi cha marehemu Zbyněk:
sifuri na moja; saba na nane; mia na nne, mia na tano.
Kati ya jozi na jozi, ukame.
Tisa, ishirini na mbili, hamsini, tisini na sita,
wote wabanduliwa, wote wabaki na vipande visivyo na pa kukaa.
Aliwapitia mmoja mmoja, zamu za usiku,
kwa penseli ya kuandikia magunia.
Kwa ile ya mia na tano aliomba lori zima la sukari.
Msimamizi alimpeleka kwa daktari.

Chini kabisa: 1455, na alama ya kuuliza.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilishuka na jibu:
mraba upo, kila upande elfu mbili mia tano ishirini na moja.
"Alijua," asema Bi Drahomíra.
"Alikuwa akiuliza malori mangapi."

Akachukua kipande kimoja, cha pembeni,
akakitumbukiza kwenye chai.