Dobi wa Funguni

Meli yafika jioni, bendera imekunjika,
Ina jeraha tumboni, moshi mweusi wafuka,
Karani wa bandarini, saa yake ameshika:
“Vita hivi si vya pwani, siku moja, kisha toka.”

Wakanishushia nguo, magunia yapo sita,
Zanuka moshi na choo, makaa, jasho, mafuta,
Nikazikanda kwa mbio, kwa ndoo maji navuta,
Bei yangu, bei yao, kwa vidole tukateta.

Usiku mvua ya vuli, ikanyesha bila haya,
Kamba zangu zote mbili, uani zikalegeya,
Kukicha yalia meli, nanga inajing'oleya,
Nikajitwika mawili, maji yanichuruziya.

“Muda wao umekwisha,” karani akanambia.
Baharia kaonyesha vidole, vitano pia.
Moshi ukajipitisha, Changuu ukafifia.
Swali hilo lanichosha: kwaheri, au rupia?

Mwezi wa pili, sokoni, nasikia imezama.
Nguo bado zi uani, zimekauka salama,
Herufi ndani shingoni, nimeshindwa kuzisoma.
Nazipiga pasi, kwani amana si ya kuchoma.