Herufi ya Pumzi

Barka, saa kumi na moja alfajiri.
Oktoba imeingia, joto halijatoka.
Lori la maji limekwisha kupita, kiwanja cha mbio
kimelala kama mkeka uliopanguswa,
na Shuruki hataki kuingia langoni.

Ana miaka mitatu, mwekundu, baka jeupe kati ya macho.
Lango ni chuma, upana wa mwili mmoja.
Mtu mzima ukimwambia aingie humo
angekuuliza, kwa nini?

Zahran ananiita kwa Kiswahili cha bibi yake,
kile cha Wete, kilichohifadhiwa kama dhahabu ya harusi:
"Bwanaheri, mtie adabu.
Mcha mwana kulia, hulia yeye."

Mjeledi wa kwanza ulikuwa neno.
Alilisikia: sikio moja liligeuka nyuma, likanitafuta.
Wa pili ulikuwa neno lilelile, kwa sauti.
Akainamisha kichwa, akaingia.

Aliingia. Nataka hili lijulikane.
Kwato nne ndani, mkia ndani,
Dadkarim ameshashika komeo,
ndipo nilipompiga wa tatu.

Wa tatu haukuwa neno.
Wa tatu ulikuwa mimi:
mabati ya nyumba ya Faza,
mshahara wa miezi miwili na tajiri anayesema inshallah
huku akitazama saa yake,
simu ya usiku niliyoiacha ilie mpaka ikachoka.
Farasi hana habari na mambo haya.
Hakuruka, hakupiga teke.
Alitoa pumzi tu, *hhh*, kama mtu aliyekanyagwa
na anayemjua.

Kwa Maalim Shee henzerani lilikaa msumarini.
Mama alinikabidhi kwake akisema, nyama yako, mifupa yangu,
na wote wawili wakacheka, nami nikacheka nisionekane mjinga.
Baadaye, shuleni, nilipoandika kwa hati ya Kizungu,
nikaona jambo ambalo sikumwonyesha mtu:
adabu, adhabu,
kati yao h moja,
herufi isiyo na sauti yake, ni pumzi tu.
Sikujua ni pumzi ya nani.

Ijumaa mwamuzi alihesabu mijeledi ya mpanda farasi,
hesabu ikaingia ndani ya kanuni.
Shuruki akawa wa tatu. Tajiri alileta halwa kwenye bakuli la udongo,
tukaichota kwa vidole, bado ya moto, inanuka hiliki.
Jumanne alfajiri hapakuwa na mwamuzi.

Zahran si mtu mbaya. Semeni mtakavyo.
Shuruki alipoumwa tumbo alikesha naye siku tatu,
mkono mmoja ukimkanda ubavu, wa pili na kikombe cha kahawa,
akimwita mama, akimwita bibi harusi.
Usiku huu nilipomweleza, alipitisha kiganja
kutoka bega hadi paja, taratibu, kinyume cha manyoya.
"Hapana alama," akasema.
Kweli. Ngozi inameta kama sinia.

Lakini nikiinua sifongo, sifongo tu, inayodondoka maji,
anarudi mpaka pembeni,
na weupe wa jicho lake unanizunguka.

Dadkarim ni kijana, ameanza kazi mwezi huu.
Aliniuliza, kaka, mtu anajuaje pa kukomea?
Nikamwambia, tazama masikio.
Akasubiri, akidhani bado nina la kusema.
Nilikuwa nalo: tazama na mkono wako,
una haraka ya nani?
Nikamtuma alete majani makavu.

Namwekea Shuruki ndoo. Hanywi.
Narudi hatua. Hanywi.
Feni inazunguka, nzi mmoja, harufu ya mkojo na tende.
Narudi tena, mikono chini,
mpaka mgongo unagusa mlango,
ndipo nasikia maji yakipanda kooni mwake.

Hatua saba.
Jumanne zilikuwa kumi na moja.