Ukoko

Saa kumi na mbili na robo, asubuhi ya Jumapili,
natoka zamu ya usiku hospitalini, hapa Opelousas,
viatu mkononi, sakafu isije ikamwamsha Dezire,
na cha kwanza ninachokishika si mto, ni kisu.

Kitunguu, pilipili hoho, selari:
kwetu vitatu hivi tunaviita utatu,
na padri hajawahi kutukemea.
Kitunguu kinanitoa machozi niliyoyabana usiku kucha
kwa ajili ya mzee wa kitanda namba tisa.
Sawa. Kitunguu hakiulizi sababu.

Soseji ya moshi naikata mshazari,
naikaanga kwanza. Msiniulize kuna haja gani:
kisichopita motoni hakina la kusimulia.
Mapaja ya kuku, nyanya za kopo, kitunguu saumu,
pilipili ya unga, bila kipimo, kwa imani tu,
vyote ndani ya chungu cha umeme.
Nafunika. Nageuza kitufe hadi kwenye moto wa chini.
Kawia ufike, nakiambia chungu,
nami naenda kulala.

Hilo ndilo kosa langu, kwa sheria za mjomba Ulysse.
Kwake jambalaya hupikwa uani,
kwenye sufuria ya chuma inayobebwa na wanaume wawili,
hukorogwa kwa kasia,
na mpishi husimama saa nne jasho likimchuruzika,
akiutukana moto, akisifiwa na majirani.
"Chakula kinachojipika," husema, "na kijile chenyewe."

Saa sita harufu inaniamsha kabla ya saa.
Mchele nautia sasa, si mapema.
Mwaka juzi niliutia asubuhi, tukala bokoboko,
timu ikafungwa,
na mpaka leo kufungwa kule kumeandikwa jina langu.

Wanaingia.
Binamu Théogène na jezi iliyogombana na tumbo lake.
Akina Arceneaux, saba; niliwaalika watatu.
Mtoto mmoja ambaye hakuna anayejua ni wa nani,
ila kijiko amekuja nacho.
Na Ulysse, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Mpira wenyewe una umbo la yai,
haujui kuviringika kwa adabu.
Wanaume wanauangukia, wanarundikana,
kisha wanasimama kulijadili rundo.
Majadiliano hayo ndiyo nafasi yetu ya kupakua.

Ulysse anainua kifuniko. Ananusa. Anatafuna.
Sebule nzima, hata Théogène, inaipa televisheni mgongo.

"Hakuna ukoko."

Ni kweli. Chungu hiki hakiunguzi, hakina hasira.
Ule wali wa chini, ulioshikamana na chuma,
mgumu, mtamu, wenye uchungu kwa mbali,
bibi alimpa yule aliyekubali kuosha sufuria,
na miaka yote niliyokuwa mdogo
hakuna aliyeniwahi kwenye ile sufuria.

"Hakuna," namjibu. "Lakini leo nimelala."

Hasemi kitu. Anajaza sahani ya pili.
Ya tatu anaipeleka barazani,
eti huko kuna upepo.

Tumefungwa. Mkwaju wa mwisho uligonga mlingoti,
ukarudi uwanjani kama mgeni aliyesahau kofia.
Théogène amevua jezi, amekalia kochi na fulana.
Akina Arceneaux wanalaumiana kwa majina ya utotoni.
Hakuna aliyeaga mpaka chungu kilipolia kijiko.

Saa kumi na mbili jioni navaa sare, natafuta funguo.
Napita jikoni.
Ulysse amekiinamia chungu; anadhani niko bafuni.
Kwenye ukingo, pale rojo lilipokaukia,
pana mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi.
Anaukwangua kwa ukucha wa kidole gumba,
taratibu, mzunguko mzima,
kama mtu anayetafuta stesheni redioni.

Narudi nyuma hatua tatu.
Nakohoa, ndipo naingia.